Intaneti ya melini: gharama zake, njia zake, na namna ya kujipanga kabla ya kung'oa nanga

Anayesafiri sana kwa boti kutoka Malindi ya Unguja kwenda Mkoani, Pemba, anaujua mkondo wa Pemba kwa simu yake. Ukipita Tumbatu mtandao bado upo. Ukiiacha minara ya Nungwi vijiti vinapungua kimoja kimoja, na katikati ya mkondo simu inabaki inatafuta, inapata moto mfukoni, chaji inashuka. Kisha Pemba inaanza kuonekana, na mlio wa meseji unasikika boti nzima kwa pamoja, kama watu wote wamekumbukwa na jamaa zao dakika ile ile.

Pale ni kilomita 50 hivi tu za maji. Meli ya kitalii inaweza kukaa siku tatu au nne bila kuona ardhi, na kule hakuna mnara wa Nungwi wala wa Mkoani. Vijana wetu wengi sasa wanapata mikataba kwenye meli hizo, jikoni, mesini, vyumbani, na wapo pia wazee wanaoalikwa na watoto wao walioko Muscat, Dubai au London kwenda kutembea wiki moja baharini. Wote wanakuja na suali moja: intaneti ya melini ikoje, na inagharimu kiasi gani? Nimemaliza mikataba minne melini, na makosa ya jambo hili nimeyafanya karibu yote. Nitaeleza kwa hatua, kwa abiria na kwa mfanyakazi. Kabla ya yote shika hili: sehemu kubwa ya kazi ya intaneti ya melini inafanywa ukiwa bado nyumbani, una bando la bei ya nyumbani na muda wa kutosha. Ukisubiri mpaka uwe juu ya maji, kila kosa utalilipia kwa dola.

Hatua ya 1: Elewa mawimbi yanatoka wapi

Ukielewa hili, bei hazitakushangaza. Meli ikiwa bahari kuu inapata intaneti kutoka kwenye setilaiti, na setilaiti haziko sawa.

Zile za zamani ziko juu mno, kilomita 35,786 kutoka usawa wa ikweta, na zinazunguka pamoja na dunia kiasi kwamba ukitazama kutoka chini zinaonekana zimesimama mahali pamoja. Neno lako linapanda mpaka kule, linashuka upande wa pili, na jibu linarudi njia hiyo hiyo. Kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde. Ukisoma barua pepe hutaona tofauti. Ukiongea na mtu utaiona. Mkataba wangu wa kwanza nilikuwa nikimpigia mama yangu aliyeko Wete, nasema "Shikamoo mama," kimya. Nadhani hajasikia, nauliza, "Upo?" Hapo hapo "Marahaba mwanangu" yake inaingia, na yeye kule anasikia "upo?", anajibu, "Nipo baba," na mimi nishaanza kuuliza habari za ndugu zangu. Tulikuwa tunakanyagana maneno dakika tano nzima, kisha kadi ya dakika inakwisha. Tukajifundisha kusema kwa zamu, na anayemaliza anasema "haya" ili mwenzake ajue ni zamu yake. Kama meli yako bado ina setilaiti za aina hiyo, tumieni njia hiyo, inasaidia.

Zipo za kati, kilomita 8,000 hivi juu, ambazo baadhi ya meli kubwa zilianza kuzitumia kiasi cha miaka kumi iliyopita. Na zipo za chini, ambazo leo ndizo zilizobadilisha mambo: Starlink, kilomita 550 hivi tu kutoka ardhini, kwa maelfu, zikipokezana juu ya meli. Kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza Agosti 2022 kwamba inaziweka kwenye meli zake, na kundi la Carnival, ambalo ndani yake mna Princess, Costa na Holland America, lilikamilisha meli zake mwaka 2024. Kwenye meli hizo unaweza kupiga simu ya video na mama akakuona unavyotafuna.

Kwa hiyo suali la kwanza la kumuuliza wakala, au rafiki aliyetangulia kwenye meli hiyo, ni hili: meli ina Starlink au haina? Bei uliza baadaye.

Jambo moja zaidi: hata meli yenye vyombo vizuri hutokea ikazima au kupunguza mawasiliano ya setilaiti ikiwa kwenye maji ya nchi isiyoruhusu. Ukiona intaneti imekatika mkiwa bandarini na kila kitu kingine kinafanya kazi, usikimbilie kuinyanyua simu na kuibadilisha mipangilio yote. Uliza kwanza.

Hatua ya 2: Zima mtandao wa simu kabla meli haijaondoka gatini

Hii ndiyo hatua fupi kuliko zote, na ndiyo inayookoa pesa kuliko zote.

Meli nyingi zina mnara wao mdogo wa simu za mkononi. Ukiwa mbali na nchi kavu, nje ya maili 12 za baharini au karibu na hapo (kilomita 22 hivi), mnara ule unawashwa, na simu yako iliyokuwa inatafuta mtandao inaukumbatia kama imekutana na ndugu. Kwenye kioo utaona jina kama Cellular at Sea, au tarakimu zinazoanza na 901, ambayo ni namba ya mitandao isiyo ya nchi yoyote. Huo si waifai ya meli. Ni romingi, yaani laini yako inatumia mtandao wa watu wengine, na bei yake ni dola kadhaa kwa MB moja na dola kadhaa kwa dakika ya simu. Kifurushi chako cha kusafiria ulichonunua kwa ajili ya Hispania au Marekani hakihusiki hapo.

Mwanzo nilikuwa sijui. Laini yangu ya nyumbani niliiacha imewaka, romingi wazi, na ndani mna vocha ya shilingi 30,000 niliyoiweka kwa dharura. Usiku nimelala, programu zikaanza kujisasisha na picha kupanda mawinguni. Asubuhi salio lilikuwa sifuri, na nilichopata kwa shilingi 30,000 zile hakifiki hata uzito wa picha kumi nzuri. Mwenzangu aliyekuwa na laini ya malipo ya baadaye ya nchi ya kwao alikuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu laini yake haikuwa na salio la kuisha. Bili ilimfuata nyumbani.

Kwa hiyo: washa hali ya ndegeni, kisha washa waifai peke yake. Simu inaruhusu vyote viwili kwa pamoja. Na ndani ya mipangilio ya laini, zima romingi ya data moja kwa moja, ili hata ukisahau hali ya ndegeni bado uwe salama. Wafanyie hivyo na wazee unaosafiri nao, kwa mkono wako, usiwaelekeze kwa mdomo tu.

Hatua ya 3: Pima haja yako

Watu wananunua kifurushi kikubwa kwa sababu jirani wa meza amenunua. Usisafirie nyota ya mwenzio. Yeye huenda anafanya kazi za ofisi kwa kompyuta, wewe unataka kumjulia hali mama na kumtumia fundi wa nyumba yako Fuoni meseji mbili.

Meseji ya maandishi ni kama haina uzito. Sauti iliyorekodiwa WhatsApp ya dakika moja ni chini ya robo ya MB. Simu ya sauti inakula kiasi cha nusu MB kwa dakika, yaani nusu saa ya maongezi ni MB 15 hivi. Simu ya video inapanda mpaka MB 5 kwa dakika au zaidi, kwa hiyo nusu saa ile ile imekuwa MB 150. Filamu au mpira, hata kwa picha ya wastani, unazungumzia nusu GB kwa saa kwenda juu.

Ukizitazama hesabu hizi utaona sauti iliyorekodiwa ni mali. Haijali kuchelewa kwa setilaiti, inasubiri mtandao ukirudi, na mama anaweza kuisikiliza mara tatu. Miezi ambayo nilikuwa na hali ngumu ya kadi, nilikuwa narekodi dakika mbili usiku, na yeye ananijibu baada ya swala ya alfajiri. Hatukukosana hata siku moja.

Hatua ya 4: Soma vifurushi vya abiria

Zamani waliuza kwa dakika, kiasi cha senti 75 za dola kwa dakika moja, na dakika zilikwenda huku ukurasa bado haujafunguka. Siku hizi meli nyingi zinauza kwa siku au kwa safari nzima, kwa kila kifaa. Aghalabu ni kati ya dola 15 na 40 kwa siku kwa kifaa kimoja, kutegemea kampuni, meli, na daraja la kifurushi. Chukua dola 20 kwa siku, safari ya siku saba: dola 140, ambazo ukibadilisha kwa shilingi 2,500 ni 350,000. Kwa simu moja. Familia ya watu wanne ikinunua bila kufikiri inatoa pesa za tiketi nyingine.

Madaraja yanatofautiana jina lakini mantiki ni moja. Carnival wana matatu: la chini ni la mitandao ya kijamii, la kati ni la kuperuzi kurasa na barua pepe, la juu ndilo linaloruhusu simu za video. MSC wana la kuperuzi, na la kuperuzi pamoja na kutazama video. Royal Caribbean wanauza moja lenye kila kitu. Kampuni kama Viking, Silversea na Regent zinaingiza waifai ndani ya nauli, ingawa nauli yenyewe huwa imeshaibeba gharama hiyo.

Mtego wa daraja la chini ni huu: linasema WhatsApp ipo, na ipo kweli, lakini kwa maandishi na picha. Simu inaita haipokelewi, au inakatika baada ya sekunde mbili. Kabla ya kulipa, uliza kwa maneno haya hasa: "Nikiwa na kifurushi hiki, naweza kupiga simu ya sauti ya WhatsApp?" Ukiuliza kama WhatsApp inafanya kazi, utajibiwa ndiyo, na hujadanganywa.

Sasa namna ya kupunguza. Nunua kabla ya kupanda, kupitia akaunti yako kwenye tovuti ya kampuni ya meli, kwa sababu bei ya kabla ya safari mara nyingi huwa chini ya bei ya melini. Dirisha hilo hufungwa siku moja au zaidi kabla ya kuondoka, usingojee usiku wa mwisho. Kama safari ina bandari kila siku na siku moja tu ya bahari, huenda unahitaji pasi ya saa 24 kwa siku hiyo na si zaidi. Pasi ya siku moja ni ghali ikipimwa kwa siku, lakini ni rahisi ikipimwa kwa safari. Na kifurushi cha kifaa kimoja mnaweza kukitumia watu wawili kwa zamu: mmoja anajitoa kwenye mfumo, mwingine anaingia kwa jina lile lile. Mume na mke hawana haja ya viwili. Kuhusu ruta ndogo za mkononi ambazo watu wanashauri kuzibeba ili kugawa mtandao, kampuni kadhaa zimezikataza, na zinaweza kuchukuliwa mlangoni kwenye ukaguzi wa mizigo. Sishauri.

Kitu cha bure ambacho abiria wetu hawakijui ni programu ya meli yenyewe. Kampuni karibu zote kubwa zina yao. Unaipakua ukiwa nyumbani, na ndani ya meli inafanya kazi kwa waifai ya meli bila kulipia intaneti: ratiba, menyu, hesabu yako, na kwenye kampuni nyingi hata meseji baina ya watu mliomo melini. Kwa mzee anayepotea kati ya sitaha ya 5 na ya 11, hiyo peke yake inatosha.

Hatua ya 5: Kama unakwenda kufanya kazi

Mfanyakazi hanunui kifurushi cha abiria. Ana mfumo wake, bei yake ni ndogo kuliko ya abiria, na kila kampuni ina utaratibu wake: nyingine inauza kadi ya dakika au ya MB, nyingine kifurushi cha wiki au mwezi kinachokatwa kwenye akaunti yako ya melini, nyingine inatoa kiasi fulani bure. Kabla hujasaini, muulize wakala bei ya intaneti ya wafanyakazi kama unavyouliza mshahara. Akisema hajui, mtafute mtu aliyeko kwenye meli hiyo sasa. Mkataba wa miezi minane ni mrefu, na niliwaona vijana wakimaliza sehemu kubwa ya pesa zao za matumizi kwenye kadi za intaneti mwezi wa kwanza, wakati ugeni unauma zaidi, halafu wanashindwa kutuma kitu nyumbani.

Na ujue una haki. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 ulifanyiwa marekebisho mwaka 2022, yakaanza kutumika tarehe 23 Disemba 2024. Mawasiliano na familia yameingizwa humo kama sehemu ya ustawi wa baharia, na mwongozo wake unasema mwenye meli awape mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na kama kuna malipo basi yawe ya kiasi. Haina maana kwamba utapewa bure kila mahali. Ina maana kwamba ukilizungumza jambo hili kwenye kikao cha wafanyakazi huombi hisani.

Muda nao ni gharama. Bomba la intaneti la meli ni moja na watu ni maelfu. Wote mnaotoka kazini saa nne au tano za usiku mnakwenda mesini na simu, na hapo kasi inakufa. Amka mapema, au tumia saa ambazo abiria wameshuka kutembea. Kasi ya saa tatu asubuhi meli ikiwa gatini haifanani na ya usiku wa siku ya bahari. Ndani ya chumba pia kuna suala la chuma: kuta zote ni chuma, na vyumba vingi vya wafanyakazi viko chini ya usawa wa maji. Mimi nilikuwa napata mtandao nikikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, kwa sababu kirusha waifai kilikuwa kwenye dari ya korido nje. Nikihamia kitandani, mita mbili tu, unapotea.

Halafu hesabu ya saa. Meli ikiwa Miami wakati wao wa baridi, saa tatu usiku kwao ni saa kumi na moja alfajiri kwetu. Kwa mama anayeamka kuswali, hiyo ni saa nzuri kuliko zote, nyumba imetulia na watoto hawajaanza. Miezi yao ya joto wanasogeza saa mbele, kwa hiyo mpigie saa nne usiku ili umkute pale pale. Meli ikiwa Mediterania tofauti haizidi saa mbili na hakuna tabu.

Hatua ya 6: Tayarisha simu, na tayarisha nyumba

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Tenga siku mbili kabla ya kuondoka, ukiwa na bando la kutosha.

Anza na WhatsApp. Washa uthibitishaji wa hatua mbili na uweke namba ya siri unayoikumbuka, na barua pepe ya kuirudishia. WhatsApp inaendelea kufanya kazi kwa namba yako ya hapa hata laini ikiwa haipo kwenye simu, lakini ukibadilisha simu katikati ya bahari itataka kukutumia namba kwa meseji ya kawaida, na meseji hiyo haikufikii. Kwa hiyo usiifute, usiisajili upya, na kama una simu mpya ihamishie kila kitu hapa hapa nyumbani. Kompyuta uliyoiunganisha na WhatsApp itajitoa yenyewe kama simu kuu haijaingia mtandaoni kwa siku 14, na akaunti isiyoguswa kwa siku 120 hufutwa. Ingia japo mara moja kwa wiki.

Ndani ya mipangilio yake zima kupakua picha na video zenyewe. Makundi ya harusi na ya mtaa ndiyo yanayomaliza kadi za vijana wetu: unafungua ili umwandikie mke wako, na video arubaini za watu wanaocheza zinashuka kwanza. Washa pia kipengele cha kutumia data kidogo kwenye simu. Halafu toka WhatsApp uende kwenye simu yenyewe: zima programu kujisasisha zenyewe, zima picha kupanda mawinguni, washa kiokoa data.

Kisha benki na pesa za simu. Hili lina uzito. Benki na mitandao yetu inathibitisha mambo kwa namba ya mara moja inayokuja kwenye laini, na laini iliyozimwa baharini haipokei kitu. Nenda benki kabla ya safari, waambie utakuwa nje kwa miezi kadhaa, uliza kama wana njia nyingine ya kuthibitisha. Malipo unayoyajua, ada ya skuli, kodi, fungu la fundi, yapange kabla au umwachie mtu unayemwamini pesa zenyewe. Namba yako ya siri ya pesa za simu usimwachie mtu. Uliza pia mtandao wako laini inakaa muda gani bila kutumika kabla haijafungwa, ukaiwashe bandarini na kuitumia kabla ya muda huo kupita. Kijana amerudi baada ya miezi tisa akakuta namba aliyoitumia miaka kumi imekatwa, na kila kitu chake kilikuwa kimefungwa kwenye namba ile.

Pakua vya kukaa nje ya mtandao: ramani za miji ya bandari, Qur'ani yenye sauti, kamusi, nakala ya pasi na mkataba. GPS ya simu inafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo ramani itakuonyesha ulipo hata hali ya ndegeni ikiwa imewashwa, ukitoka sitahani. Dira ya kibla ni jambo jingine. Sindano ya simu inavutwa na chuma cha meli, na chumbani inaweza kukuonyesha upande usio wenyewe kabisa. Tazama kwenye televisheni ya meli ramani ya safari, ujue meli imeelekea wapi, ukadirie kutoka hapo. Meli ikigeuka, kibla nacho kimegeuka.

Sasa nyumba. Nimeona watu wanajitayarisha wao, wanasahau upande wa pili wa simu. Umekaa zamu mbili kusubiri dakika zako, unapiga, na bando la mama limekwisha tangu juzi. Panga na mtu mmoja, ndugu au mtoto wa jirani, awe anaunga bando la nyumbani tarehe maalumu kila mwezi, na umtumie pesa za miezi mitatu mapema. Mfundishe mama kurekodi sauti mpaka afanye peke yake mbele yako, si mara moja, mara tano. Mwambie na hili kabla hujaondoka: nikikaa siku nne kimya, meli iko bahari kuu, usihangaike. Mama yangu sikumwambia safari ya kwanza. Siku ya tano alikuwa amekwisha kwenda mpaka Chake kuulizia habari za meli kwa watu wasiojua lolote, mguu unamuuma, na wajukuu wawili nyuma yake.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza juu ya maji

Unganisha simu na waifai ya meli, fungua ukurasa wa kuingilia, weka jina na namba ya siri uliyopewa. Kama ukurasa haufunguki, zima kiokoa data kwa muda, au funga programu yoyote ya VPN (ile ya kuficha njia ya mtandao wako), kwa sababu vifurushi vya chini huzizuia.

Simu za kisasa zinabadilisha utambulisho wake kwenye waifai kwa ajili ya faragha, na mfumo wa meli unaweza kudhani umeleta kifaa kipya na kudai malipo upya. Ingia kwenye mipangilio ya waifai ile ya meli tu, zima anwani ya faragha.

Ukimaliza kutumia, jitoe kwenye mfumo. Kwa kifurushi cha dakika hili ni lazima: kufunga kioo hakuzuii dakika kuhesabiwa. Subiri mpaka uone neno kwamba umetoka.

Hatua ya 8: Bandarini

Bandari ndiyo nafuu yako. Meli ikiwa inakaribia, ngoja mpaka uone jina la mtandao wa nchi kavu, si lile la meli, ndipo utoe hali ya ndegeni.

Ulaya ndiyo rahisi kuliko kote. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini iliyonunuliwa nchi moja ya Umoja wa Ulaya inatumika nchi nyingine za umoja kwa bei ya nyumbani, kwa mipaka fulani ya matumizi. Laini uliyoinunua Barcelona utaitumia Italia, Ufaransa, Ugiriki na Kroatia. Uturuki haimo, na Uingereza imeshatoka. Kama simu yako inakubali laini ya kielektroniki (eSIM), unaweza kuinunua kabla ya kufika, ukiwa na mtandao. Zingatia tu kwamba laini hizi nyingi ni za nchi kavu: meli ikishang'oa nanga na kutoka, hazina kazi.

Kwenye safari za Ghuba, ambazo wazee wetu wanazipenda kwa sababu wana jamaa kule, ukitumia laini ya Falme za Kiarabu simu za WhatsApp za sauti na video zimezuiwa. Maandishi na sauti zilizorekodiwa zinapita. Wengine wanadhani simu yao imeharibika na wanakwenda kuitengeneza.

Kwa mabaharia, tafuta kituo cha mabaharia kabla ya kutafuta mkahawa. The Mission to Seafarers, ambayo ipo tangu 1856, na Stella Maris wana vituo kwenye bandari nyingi, na kule Port Everglades, Florida, kuna Seafarers' House. Mbili za mwanzo ni taasisi za Kikristo, lakini hawamuulizi mtu dini yake. Kuna waifai, kuna kiti, na mara nyingi kuna mahali pa kuswali ukiomba. Nilikaa kwenye kituo kimoja saa tatu nikimtazama mwanangu akinionyesha madaftari yake ya skuli, ukurasa kwa ukurasa, na hakuna aliyeniambia niondoke.

Na ninyi wenye maduka karibu na Bandari ya Malindi na Forodhani: meli ya kitalii ikifunga gati hapa, wanaoteremka mbio wakiwa na simu mkononi wengi ni mabaharia, na wana saa mbili au tatu tu. Wanaweza kusajili laini kwa pasi zao za kusafiria, lakini usajili unakula muda. Waifai inayofanya kazi na kikombe cha chai kwa bei ya mtaani ni msaada mkubwa kwa watu hawa. Nimewahi kuwa mtu huyo kwenye bandari za watu.

Hatua ya 9: Kabla ya kushuka

Usiku mmoja kabla ya mwisho wa safari, si asubuhi ya kushuka, fungua hesabu yako kwenye programu ya meli au televisheni ya chumbani. Tafuta mistari ya intaneti. Angalia kama umetozwa kifaa cha pili ambacho huna, kama pasi ya saa 24 imehesabiwa mara mbili, na kama siku ambazo mtandao ulikatika kabisa zimelipishwa. Siku mtandao unapokatika, andika tarehe na saa na upige picha ya kioo, kwa sababu mbele ya kaunta picha ile inafanya kazi ambayo maneno hayafanyi. Nenda huduma kwa wageni usiku huo huo ukiwa mtulivu, eleza, onyesha. Mara nyingi wanarudisha. Asubuhi ya kushuka foleni inazunguka ngazi mbili, karani amechoka, na begi lako limeshatangulia gatini.

Mfanyakazi anayemaliza mkataba afunge kifurushi cha mwezi kabla hakijajirudia chenyewe, na atumie dakika zake zilizobaki. Hazirudishwi, na huwezi kumpa mwingine ukishatoka kwenye mfumo wa meli. Mimi zangu za mwisho, dakika kumi na moja, nilimpigia mama kumwambia saa ya boti ya Mkoani.